Mbavu za Mama Mdogo Juu ya Jiwe Mgongo

Bahati aliingia kwenye matanga ya Mama Mdogo kwa miguu yake mwenyewe, na hilo ndilo nililolitazama kwanza, kabla ya uso wake, kabla hata ya kuipokea pole yake. Alisita kidogo tu kila alipoukanyagia mguu wa kulia, kama mtu aliyekumbuka jambo kisha akaamua kwamba si la haraka. Alikuwa ametoka Uvira, amevuka mpaka asubuhi, na kama mimi alikuwa ameota mvi pembeni na tumbo lililomtangulia mlangoni. Wanawake waliojaa mkekani walimpisha. "Pole, dada," akasema. "Tumeshapoa," nikajibu, uongo wa adabu ambao kila mfiwa hujifunza siku ya kwanza. Akakaa, akala wali alioletewa, akausifu kama inavyompasa mgeni, kisha akainama na kuninong'oneza swali ambalo mwingine yeyote angeliona ni kumkosea marehemu heshima: "Na ile picha, iko wapi?" Nikamwambia iko palepale, chini ya godoro la Mama Mdogo. Akatikisa kichwa, ameridhika. Mimi nina shahada mbili, na kuna chuo kinachonilipa niwaeleze vijana jinsi binadamu anavyokumbuka. Lakini ilibidi nitoke uani nijifanye natafuta maji ya kunawa, ili nilie bila kuonwa na wanafunzi wangu wa kufikirika.

Mwaka ninaoukumbuka ulikuwa wa vita, na mimi nilikuwa msichana wa lisee, shule ya sekondari, aliyekosa lisee. Bweni letu la Bujumbura lilikuwa limefungwa, na barabara ya kando ya ziwa ilikuwa ikifunguliwa na kufungwa kama mlango wa choo cha watu wengi. Nikaletwa Rumonge kwa Mama Mdogo Zaituni, nikae wiki chache mpaka mambo yatulie. Mambo hayakutulia, wiki zikawa mwaka. Nyumba yake ilikuwa na sebule moja yenye dirisha moja la kioo, kwani mengine yalizibwa kwa mbao, na chini ya dirisha hilo ilikaa meza ya kila kitu: mandazi ya kuuza yalipoa hapo, mawese yalimiminwa hapo, vitabu vyangu vililala hapo vikinyonya mafuta ya vyote viwili. Hadi leo nina kitabu cha hesabu ambacho ukurasa wake wa pembetatu unang'aa kama umekaangwa. Nilikuwa nimekuja na maneno mengi ya Kifaransa na imani kwamba nilikuwa msomi. Mtaa ulinipa jina la Injinia wiki ya kwanza, baada ya mimi kujaribu kurekebisha jiko la mkaa la Mama Mdogo na kulitoboa.

Bahati na mama yake walipanga chumba cha uani. Walikuwa watu wa Fizi, ng'ambo ya ziwa. Mama aliuza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni, na Bahati, aliyenizidi umri kidogo, alikuwa ameanza kazi ya kupakia magunia ya ndagala kwenye malori ya kwenda mjini. Lori moja lilipigwa risasi karibu na Muhuta. Yeye aliokoka, lakini paja lilivunjika, na hospitali iliyokuwa imezidiwa iliunga mfupa ulivyotaka wenyewe, yaani kombo. Tangu hapo alikaa kwenye kiti mlangoni mwa chumba chao, mguu umenyooshwa juu ya kreti ya soda, akishona nyavu za wavuvi. Alikuwa na sindano ya mti iliyong'aa kwa jasho, na mikono yenye kasi kiasi kwamba ulipomtazama uliona wavu ukikua kama nywele. Hakuwa mtu wa huzuni, na hilo ndilo lililotutisha. Alikuwa amekaa kwenye kiti kile kama mtu aliyefika alikokuwa akienda.

Sasa gari. Kulikuwa na muuguzi wa kigeni, wa shirika moja la misaada, ambaye alipohamishwa kwa ghafla alimwachia Bahati hospitalini kitu cha ajabu: gari dogo la kuchezea la telekomande, yaani rimoti, refu kama mkono mpaka kwenye kiwiko, lenye magurudumu manene laini na mwendo wa kinyonga. Alieleza kwamba kwao watu wazima, wenye ndevu na kazi, huenda milimani siku ya mapumziko kuyapandisha magari hayo juu ya mawe. Tulilijadili jambo hilo kwa muda mrefu. Kumbe kuna nchi ambazo watu wana amani nyingi kiasi kwamba inabidi watafute mawe. Sisi mawe tulikuwa nayo. Bahati mbaya ni kwamba wakati wa kufungasha, sanduku zito lililiangukia gari, na bodi yake ya plastiki ikawa vipande visivyofaa hata kuwashia moto. Chini kila kitu kilikuwa kizima: mota, betri ambayo fundi redio wa jirani aliichaji, na kile kisanduku kidogo chenye waya mwembamba kinachosikia amri za telekomande. Lakini kilikuwa wazi, uchi. Gari likipinduka mara moja tu juu ya jiwe, au likirushiwa maji ya ziwa, basi. Kwa hiyo lilikaa mezani kwetu bila kofia, kati ya mandazi na pembetatu.

Siku moja Mama Bahati alirudi kutoka hospitali na habari. Daktari wa mifupa amefika Bujumbura, wala hatakaa sana. Mguu utavunjwa tena na kuungwa sawasawa, la sivyo utabaki hivyo. Malori yanapanda mjini kwa msafara, askari mbele, askari nyuma. Tulikuwa tunakula ugali na ndagala, sote wanne kwenye sinia moja.

"Siendi," Bahati akasema. "Ile barabara ilishanikula mara moja. Iliona mimi ni mutamu."

"Mutoto yangu, hautatembea," mama yake akasema.

"Nitashona nyavu. Nyavu haiombi miguu."

"Na bibi utakayemuoa naye?" akauliza Mama Mdogo. "Huyo hatakuomba miguu?"

Tukacheka, hata yeye. Kisha, ili kuyafunga mazungumzo, akaelekeza tonge lake kwenye mzoga ule wa gari mezani. "Munataka niende? Sawa. Siku hii gari itapanda Jiwe Mgongo, ndiyo siku mimi nitapanda lori. Amahoro, amani kwa wote."

Jiwe Mgongo ni mwamba ulioko pale milima inapoanza kushuka hadi ziwani, mrefu kuliko mtu, umeegemewa na mawe madogo upande wa nchi kavu. Bahati alipokuwa mzima alizoea kujirusha majini kutoka juu yake. Sote tulielewa kwamba amesema hapana. Ni Mama Mdogo peke yake aliyeinua mkono wake wenye mchuzi, kama shahidi mbele ya kadhi. "Nimesikia. Mungu naye amesikia. Na huyu wa lisee amesikia, na huyu ndiye mubaya kuliko wote, maana hana kazi."

Alisema kweli. Sikuwa na shule, sikuwa na kazi, na nilikuwa na ule ukaidi wa mtu aliyewahi kuwa wa kwanza darasani na hajapata nafasi nyingine ya kuwa wa kwanza. Kesho yake nilianza bodi. Nilianza nayo kama mtu yeyote wa Rumonge angeanza, kwa kopo. Mwaka ule makopo ya mafuta ya msaada yalikuwa kila mahali, na mtoto wa kwetu akiona kopo huliona tayari lina magurudumu. Tulikuwa tumetengeneza mabasi, malori, hata ndege, vyote vya bati. Nilikata, nikanyoosha kwa mchi, nikakunja milango na boneti. Ilipendeza mno. Majirani walikuja kuitazama kama mtoto aliyezaliwa. Tukaiweka juu ya gari, Bahati akabonyeza, na gari likawa kiziwi. Lilishtuka, likasimama, likajiendea lenyewe kuelekea kwa kuku. Tukivua bodi, linatii. Tukivika, linaasi. Nililaumu betri. Nililaumu mota. Nililaumu vidole gumba vya Bahati, ambaye alikuwa na furaha isiyo ya kawaida. "Limekataa," alisema. "Gari iko na akili. Inajua barabara."

Jibu lilikuwa jikoni kwetu muda wote ule, na nililiona kila jioni bila kuliona. Mama Mdogo alikuwa na redio ndogo, na alipenda taarabu, matangazo ya vifo vya uzee, na bei ya mawese. Hakupenda habari. Mtangazaji alipoanza kutaja mahali, Kabezi, Muhuta, tukijua kinachofuata, yeye hakuizima redio, kwa kuwa kitufe chake kilikuwa kimevunjika na kuiwasha tena ilikuwa kazi ya koleo. Aliichukua, akaitia ndani ya sufuria, akafunika. "Wakae humo," alisema. Na walikaa humo. Sauti haikupungua tu, ilikufa, ukabaki mkwaruzo. Jioni moja nilikuwa na tonge mdomoni nilipoelewa.

"Mama Mdogo, funua."

Akafunua. Mtu akazungumza.

"Funika."

Kimya.

"Funua tena."

"Weye mutoto, vita si muchezo."

Lakini nilikuwa nimeshaamka, nakimbilia uani na mikono michafu. Bodi yangu nzuri ya kopo ilikuwa sufuria. Nilikuwa nimelifunika gari masikio, kisha nikaligombeza kwa kutosikia. Kumbe ilitakiwa plastiki, na si kwa sababu ya urembo.

Basi nikawa mwanafunzi wa plastiki, somo ambalo sijaona likifundishwa katika chuo chochote nilichopita. Nilianza na beseni. Mama Mdogo alikuwa na beseni la buluu lililopasuka na kushonwa kwa waya mara kadhaa, kama wanawake wote wa mtaa walivyofanya, na alinipa kwa heshima za mazishi. Nilililainisha juu ya makaa ya maganda ya chikichi, nikalikunja kwenye kipande cha mti. Lilikubali umbo, likang'aa, likasikia telekomande vizuri kabisa. Nikaliangusha kutoka kwenye ngazi ya mlango mara moja, likawa vipande. Miaka ya jua ilikuwa imelifanya kavu kama biskuti. Nikaenda kwenye bido, dumu la njano la mawese, fahari ya pwani yetu, kitu ambacho lori hukikanyaga na kikaendelea na kazi. Hili nililiangusha, nikalirusha, nikalipiga teke, halikujali. Lakini lilikuwa zito, na uzito wote ulikaa juu. Tulipojaribu kwenye matofali yaliyopangwa ngazi, gari liliinua pua na kuanguka chali kama mlevi anayesalimia nyota. Nikalipunguza kwa kisu pembe hadi pembe, likabaki zito. Juu ya hayo lilinukia mawese, na sisimizi wakalihamia. Chupa ya maji ilikuwa nyepesi, lakini haikuwa na mgongo. Iliinama kama mtu anayeomba msamaha.

Kila bodi ilipoanguka, Bahati alinifariji. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa kweli. Alikuwa ananipigia makofi, anasema, "Umejaribu, Injinia, murakoze sana," na mama yake aliyekuwa akipanga ndagala upande wa pili aligeuza uso. Daktari hangekaa. Kila siku niliyoipoteza na beseni ilikuwa siku aliyoipata yeye ya kukaa kwenye kiti.

Kilichobaki kilikuwa dirishani. Pwani yetu mtu akipigwa picha ya eksirei hospitalini haitupi. Huitunza kama wengine wanavyotunza cheti, na mgeni akija huonyeshwa. Mama Mdogo alikuwa na yake ya kifua. Aliwahi kukohoa muda mrefu, mtaa ukamsema kwamba ana kifua kikuu, wateja wa mandazi wakapungua. Akaenda hospitali, akarudi na picha, na tangu siku ile kila mtu aliyeingia alipelekwa kwenye dirisha la kioo na kuonyeshwa mbavu zake dhidi ya mwanga. "Tazama. Safi. Hakuna hata doa la chai." Siku moja nilikuwa nimekaa mezani, nimekata tamaa, na upepo wa ziwa ukaiangusha picha hiyo kutoka dirishani mpaka sakafuni. Haikuvunjika. Nikaikunja kona, ikarudi. Nikaikunja zaidi; ikarudi tena. Nyembamba kama kucha, nyepesi kama si kitu. Na ilikuwa plastiki.

Sikuthubutu. Nilikwenda uani nikamweleza Bahati nilichoona, na akafanya jambo ambalo mpaka leo nalihesabu kuwa janja kuliko yote. Akaingiza mkono chini ya kiti, akatoa picha yake mwenyewe ya paja, mfupa umepinda kama mpini wa jembe baya. "Kata hii."

"Daktari wa Bujumbura ataihitaji," nikasema.

"Ndiyo maana nakupa."

Mama Mdogo alikuwa amesimama nyuma yangu. Alimnyang'anya Bahati picha ile kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu, akaenda ndani, akarudi na yake. Aliitazama mara moja tu kwenye mwanga. "Hiyo ya kwako iko na safari," akamwambia Bahati. "Kata hii, Injinia. Lakini usinichukue yote. Nibakizie pafu moja, watu wasianze tena kusema."

Nilikata kwa wembe upesi, kabla hajabadili nia, kwa hiyo mstari ulienda kombo, ikabidi niupunguze tena upande wa bodi. Gundi yoyote tuliyoijaribu ilibanduka. Basi ilibidi kushona, na katika nyumba ile aliyejua mshono usiofunguka ni mmoja tu. Nilimletea Bahati vipande, nikatoboa matundu kwa sindano iliyopashwa moto, nikamwekea uzi wa nailoni mapajani. Alinitazama kwa hasira ya mtu aliyenaswa. Angeweza kufunga vibaya. Fundo moja legevu pembeni mwa boneti, na bodi ingefunguka jiweni, na yeye angebaki kwenye kiti chake, na hakuna ambaye angejua. Nilimwona akifikiri hivyo. Kisha akavuta uzi, na vidole vikaanza kazi yao, fundo la nyavu la watu wa Fizi, lile linalozidi kukaza kadiri samaki anavyovuta. Mshona nyavu aweza kuwadanganya watu wote, lakini fundo baya vidole vyake hukataa kulifunga. Alipomaliza alipaka nta ya mshumaa kwenye mshono wote maji yasipite, akakata uzi kwa meno, akatukana kwa Kibembe, lugha ya kwao.

Tulimpeleka Jiwe Mgongo kwa baiskeli ya mchuuzi wa mawese, yeye amekaa nyuma, mama yake anasukuma, mimi nimeubeba mguu wake kama bibi harusi anavyobebewa shela. Watoto walitufuata wakipiga kelele, "Gari ya mbavu! Gari ya mbavu!", kwani kweli mbavu za Mama Mdogo zilionekana juu ya magurudumu, nyeupe juu ya giza. Yeye mwenyewe alikuja nyuma na mandazi, akiwauzia watazamaji.

Gari lilipanda mawe ya chini bila shida. Bodi haikuwa na uzito wa kulivuta nyuma. Pua iliinuka, magurudumu yakashika, likaendelea. Katikati ya mwamba kuna mpasuko. Hapo nilimtazama Bahati badala ya gari, na nikaona kidole gumba kikisimama. Gari likasita, likateleza, likapinduka na kuporomoka, juu chini, juu chini, mpaka chini kabisa. Mtu mmoja akasema, "Yamekwisha." Bahati akashusha pumzi, na ninaapa ilikuwa pumzi ya raha.

Bodi ilikuwa imebonyea, paa limegusa boneti. Kisha, pwa! Ikajirudisha yenyewe, na kwa kujirudisha ikalisukuma gari likakaa kwa magurudumu. Hakuna mshono uliofunguka. Lilisimama pale, mbavu zote mahali pake, likisubiri amri. Kopo lilimpa kisingizio, beseni lilimpa, bido lilimpa. Hii haikumpa.

Watu walimgeukia Bahati. Alibonyeza. Gari likapanda tena, likafika kwenye mpasuko, na safari hii likazunguka kwa nyuma ya jiwe, mahali ambapo kutoka kwenye baiskeli hakuona kitu.

"Silioni," akasema.

Hakuna aliyemsogezea baiskeli. Mama yake alikuwa ameshika usukani wa baiskeli kwa nguvu, macho chini.

"Nasema silioni!" Akangoja. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nipe fimbo."

Alikwenda kwenye mawe yale kwa fimbo moja na mguu mmoja na nusu, telekomande ameiuma kwa meno kila alipohitaji mkono, na kila alipoteleza mama yake alipiga hatua moja, kisha akajizuia. Nilijifunza siku ile kwamba kumwacha mtu ajikokote ni kazi inayotoa jasho. Alifika mahali anapoona. Akakaa juu ya jiwe. Muda si mrefu, pua ya gari ikachomoza kileleni, zikafuata mbavu, na nyuma yake ziwa lote. Hakushangilia. Alilitazama kama mtu anayetazama mdai aliyemfikia mlangoni.

"Haya," Mama Mdogo akasema, akifuta mikono. "Lori."

Bahati aliondoka na msafara uliofuata, picha ya paja lake imefungwa kwenye kanga, na gari la mbavu mapajani, kwa kuwa alisema halina haki ya kubaki nyumbani wakati yeye anateseka. Alikuwa na rangi ya majivu kwa hofu. Hakushuka. Jioni ile mtangazaji alipoanza kutaja mahali, mkono wa Mama Mdogo ulielekea kwenye sufuria, ukarudi. Tukasikiliza yote, mimi na yeye na Mama Bahati, bila kutafuna. Zilitajwa sehemu nyingine. Muhuta haikutajwa. "Murakoze," Mama Mdogo akaishukuru redio, na ndipo akaifunika.

Kwa miaka iliyofuata aliendelea kuwaonyesha wageni picha yake dirishani, nusu iliyobaki, ambayo sasa aliitunza chini ya godoro. Daktari mmoja kijana aliwahi kumuuliza pafu la pili liko wapi. "Limepanda mlima," alimjibu. "Weye tazama hili lililobaki kazini."

Matanga yalipopungua watu, tuliingia chumbani mwake, mimi na Bahati, tukainua godoro. Ilikuwa pale, imefungwa kwenye gazeti. Bahati akatoa bahasha kwenye koti lake. Mota ilikufa zamani, alisema, na magurudumu wanawe waliyachezea mpaka yakaisha. Lakini bodi hii aliifumua uzi kwa uzi, akaitunza. Ilikuwa na matundu pembeni kote, imekwaruzwa na mawe. Tukazishika dhidi ya kioo, yeye nusu yake, mimi nusu yangu, tukajaribu kuziunganisha. Hazikukutana. Kati ya pafu na pafu kulikuwa na mwanya wa mwanga, mpana juu, mwembamba chini.

"Ulikata kombo," Bahati akasema.

"Ilipanda," nikamjibu.

Akasogeza uzito wake kwenye mguu wa kulia, ili aone vizuri zaidi.